Samaki wa Chumvi wa Luanda Kotieno

Nasipwondi alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi la kioo sebuleni kwa mama mkwe wake, koleo la mkaa mkononi, akijaribu kumbandua mnyoo kutoka juu ya samaki aliyekufa. Mnyoo alikuwa amejikunja juu ya samaki huyo wa manjano na hakuwa na nia ya kuondoka. Alikuwa na rangi ya matofali na miguu isiyo na hesabu, na kila mguu ulikuwa na kishungi cha vinywele vyeupe, laini kwa macho. Kwa mkono ilikuwa habari nyingine. Ukivigusa vilibaki kwenye ngozi vikiwasha kama upupu, na dawa yake ilikuwa kubandika selotepu kidoleni na kuing'oa haraka kabla hujapata muda wa kufikiri. Siku hizo Nasipwondi hakutoka bila selotepu mfukoni.

"Imekula ingine?" aliuliza Mama Dorca kutoka kwenye kochi.

"Imekula, Mama."

"Ile ya yellow?"

"Hiyo hiyo."

"Yawa," alisema Mama Dorca, akaendelea kuchambua omena kwenye ungo.

Tangi lilikuwa la Sydney, mwanawe Mama Dorca na mumewe Nasipwondi. Sydney alikuwa mzamiaji huko Pwani. Kampuni moja ilimwajiri kushuka chini ya bahari akamate samaki wa urembo, wale wadogo wa rangi wanaotiwa kwenye mifuko ya plastiki na kupelekwa ng'ambo wakakae vyumbani mwa watu. Likizo moja alirudi nyumbani Luanda Kotieno na tangi lake mwenyewe, mawe ya baharini, magunia ya chumvi na samaki kumi na kitu walio hai, akaviweka vyote sebuleni kwa mamake, kwa heshima, wala si kwenye nyumba yake ya ujana pale langoni. Watu wa ufuoni walikuja kuwatazama. Mtu aliyezaliwa ziwani, aliyejua kupaa samaki kabla ya kujua kuandika jina lake, alisimama pale akauliza hawa wanapikwa vipi. Alipoambiwa hawapikwi alicheka, kisha akawaonea huruma.

Huruma hiyo ndiyo iliyoleta mambo. Luanda Kotieno mgeni hakai na njaa, na samaki hawa walikuwa wageni, tena wametoka mbali. Kila aliyekuja aliwatilia kitu: omena kavu, finyo la ugali, ukingo wa mkate. Kuwatazama tu na kuondoka kulionekana ni kukosa adabu. Samaki walikula walichoweza. Kilichowashinda kilizama katikati ya mawe, na katikati ya mawe alikaa mnyoo, aliyekuja ndani ya mawe yale yale bila kualikwa, pamoja na watoto wake. Naye hakukaa na njaa.

Kisha Sydney akafia kazini, wakati wa mvua ndefu. Kampuni ilisema ni moyo. Matanga yalikuwa makubwa, na kila aliyekuja kulia alipitia pia kwa samaki akawapa rambirambi zao. Baada ya mazishi samaki wakaanza kufa mmoja mmoja, na kila asubuhi marehemu alikutwa na mnyoo juu yake. Hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa muuaji ni nani.

Sydney mwenyewe alirudi jioni iliyofuata mazishi yake, feri ya mwisho ya Mbita ilipokuwa ikipiga honi. Hakuvaa suti nyeusi aliyozikwa nayo, jambo lililomuudhi aliyeinunua. Alivaa nguo zake za kuzamia, na mdomoni aliuma kile kidude cha kupumulia, mpira mrefu wa kuletea hewa ukining'inia hadi magotini. Alidondosha maji sakafu nzima. Mama Dorca alimtolea kiti cha plastiki kwa sababu cha mbao kingeoza, naye akaketi mbele ya tangi akiwatazama samaki wake mpaka giza likaingia, akainuka, akaenda. Kesho yake alirudi. Ikawa desturi ya nyumba. Maji aliyodondosha yalikuwa ya chumvi, na kwa kuwa magunia ya chumvi yalikuwa yameisha, Nasipwondi aliyakausha kwa tambara, akalikamua kwenye ndoo na kuongezea kwenye tangi. Yalimfaa sana. Bila hayo samaki wote wangekwisha mapema.

Tatizo lilikuwa kwamba Sydney hakuweza kusema. Kile kidude hakikutoka mdomoni. Pasta alijaribu kwa maombi. Mzee Zadock, ndugu mdogo wa marehemu babake Sydney na msemaji wa boma, alijaribu kwa plaisi, koleo la fundi. Ilipokosekana njia, Mzee Zadock alivuta kiti, akamkabili uso kwa uso.

"Sydney, wuoda, mwanangu," alisema. "Ni ile mahindi?"

Sydney akatikisa kichwa juu chini. Ndiyo.

Mzee Zadock hakuuliza swali la pili.

Mahindi yenyewe yalikuwa hivi. Katika boma kama lile, mama mwenye nyumba ndiye hutia mbegu kwanza, kisha wake za wanawe hufuata. Mvua iliponyesha mwaka huo Mama Dorca alikuwa Kisumu, mtaa wa Migosi, kwa binti yake, na alikuwa amepitisha siku za kurudi. Nasipwondi ni wa Bungoma, na kwao Bungoma mvua haisubirishwi. Alitazama ardhi ikilowa, akatazama barabara, hakuona mtu, akachukua jembe akapanda. Alidhani anamsaidia mama mkwe wake. Mama Dorca aliporudi na kuyakuta mahindi yamefika kifundoni, aliketi chini palepale shambani na mkoba wake mapajani, na hakuongea mpaka kesho yake. Kupanda mbele ya mama mkwe ni mwiko, na mwiko ukivunjwa huleta chira, laana inayojua kuchagua mtu nyumbani. Mahindi yalikuwa hayajatoa mbelewele simu ilipokuja kutoka Pwani.

Kwa hiyo Sydney alipotikisa kichwa, kesi iliisha. Ikaamuliwa kwamba mahindi hayo yakishakauka na kuvunwa, Nasipwondi atarudi kwao Bungoma. Terry, binti yake mdogo, atabaki, kwa kuwa mtoto ni wa boma. Kabla ya hapo Nasipwondi angelala jikoni na kula nje, na sebuleni angeingia kwa kazi ya samaki pekee, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuweka mkono karibu na ule mnyoo.

"Wacha muuaji mmoja aangalie mwenzake," alisema Mzee Zadock, ambaye alipenda mizaha yake mwenyewe.

Nasipwondi alijua kwamba kule kutikisa kichwa hakukuwa na maana. Sydney alikuwa amelelewa vizuri kupita kiasi. Tangu utotoni hakuwahi kumwambia mkubwa hapana. Ukimuuliza kama ameshiba alikubali, ukimuuliza kama bado ana njaa alikubali pia. Mzee Zadock angemuuliza kama ni yeye Zadock aliyemuua, angepata jibu lile lile. Lakini nani angemsikiza mjane anayekula nje? Na ubaya zaidi, siku zilivyokwenda alianza kuamini. Alipokuwa akimchomea Terry mahindi mabichi kwenye jiko alijikuta anayatazama kwa hofu. Alilala akijiuliza ni pigo gani la jembe lililomfikia mumewe huko chini ya bahari. Alichokiogopa kuliko vyote ni Terry kukua akiambiwa mamake alifanya hivyo, na yeye kutokuwa na la kubisha.

Kitu kimoja kilimsumbua kuhusu samaki. Walikuwa wamebaki wachache: wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, mmoja mwekundu aliyependa kukaa juu ya jiwe kama askari wa zamu, mmoja mwembamba wa kijani aliyepindua vijiwe siku nzima akiwadonoa watoto wa mnyoo, na bunju, yule wa kujivimbisha, mwenye meno. Bunju akisogea, wote walikimbia. Lakini mnyoo mkubwa alipotoka jioni kutafuta mabaki, alipita chini ya matumbo yao na hakuna aliyejali. Yule mwekundu hata hakuinuka kwenye jiwe. Ni bunju pekee aliyewahi kumshambulia, akamng'ata kiunoni, na kwa siku kadhaa alizunguka na vinywele vyeupe midomoni, amenuna. Nasipwondi aliwaza kwamba yeye angekuwa samaki, na huyo awe ndiye anayewaua, asingekaa juu ya jiwe.

Alimwambia Mama Dorca.

"Labda wamezoea," alisema Mama Dorca. Lakini aliacha kuchambua omena, akatazama tangi kwa muda.

Mahindi yakakauka. Siku ya kuvuna Nasipwondi alivuna peke yake, akayapanga barazani, yakawa mengi na mazuri, na kila aliyepita alikwepa kuyasifu. Jioni Mzee Zadock akaja. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza, Nasipwondi ataondoka kesho asubuhi. La pili, tangi limwagwe leo, mnyoo atupwe majivuni, ili boma lisafishwe lote kwa pamoja.

"Na samaki?" aliuliza Mama Dorca, Terry akiwa amelala mapajani mwake.

"Samaki gani, Dorca? Zimebaki tano."

Nasipwondi alisimama mlangoni na ndoo, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akisubiri kuambiwa aanze. Feri ilipiga honi. Sydney aliingia akampita, akamlowesha bega, akaketi kwenye kiti chake cha plastiki.

Hapo mnyoo akatoka kwenye tangi. Alipanda kioo kwa utaratibu, akavuka ukingo, akashuka mguu wa meza. Nje ya maji alionekana mrefu zaidi, kama mkanda wa suruali ya mtu mnene. Alivuka sakafu. Mzee Zadock aliinua miguu yake apite, jinsi mtu anavyompisha kuku. Mnyoo alifika kwa Sydney, akapanda gotini, akaukuta ule mpira wa hewa unaoning'inia, akaunusa mwisho wake, akaingia ndani. Waliuona mpira ukivimba kidogo kila alipofika, kutoka magotini hadi kifuani hadi kidevuni. Kulikuwa na sauti ya kutafuna. Mama Dorca aliomba radio ipunguzwe.

Mnyoo alipotoka alikuwa mweusi tii, hata vinywele. Alishuka, akavuka sakafu akiacha mstari wa masizi, akarudi majini. Sydney akakohoa. Ulitoka moshi wa dizeli, ukajaa sebuleni, na Nasipwondi akafungua dirisha la kando ya mlango. Kile kidude kikadondoka mapajani mwa Sydney chenyewe, bila plaisi.

"Mama," alisema Sydney, "hizi samaki mnazipatia chakula mingi sana."

"Ni wageni," alisema Mama Dorca.

"Najua. Lakini inaoza huko chini, maji inaharibika. Zinakufa kwa sababu ya maji chafu."

"Sio huyu mdudu?"

"Huyo anakuja mtu akishakufa, Mama. Anasafisha tu. Mkimtupa mtakuwa na shida kubwa kuliko hii."

Mzee Zadock alijisogeza mbele ya kiti. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kumaliza mambo. "Na wewe? Nani alikuua?"

"Ni hewa, Baba. Kompresa yao ya kusukuma hewa ni kama ile ya kujaza tairi, iko kwa boti karibu na engine. Ilikuwa inavuta moshi. Niliambia bosi hii hewa inanuka. Akasema iko sawa, shuka."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikatingisha kichwa."

Pampu ndogo ya tangi ilinguruma.

"Kwa hivyo sio mahindi," alisema Mzee Zadock.

"Mahindi gani?" aliuliza Sydney.

Nasipwondi aliyasikia maneno hayo mawili, akaketi juu ya ndoo. Hakuwa anajua! Miezi yote hiyo ya kula nje na kulala jikoni, na marehemu mwenyewe hakuwa na habari ya mahindi. Alianza kucheka, kisha akalia, kisha hakujua ni lipi kati ya hayo mawili analofanya. Kifua chake kilikuwa chepesi hivi kwamba alikishika kwa mkono.

"Lakini nilikuuliza ukakubali," alisema Mzee Zadock, ameudhika kidogo.

"Baba, si ni wewe ndio uliuliza? Sasa ningekukatalia aje?"

Mama Dorca alimlaza Terry kwenye kochi, akainuka. Yeye pia alivuta pumzi ndefu, kwani miezi yote hiyo alikuwa akijiuliza kimoyomoyo alikuwa anafanya nini Migosi siku zile zote, na mvua inanyesha nyumbani. Akaenda hadi mlangoni.

"Nyar Bungoma," alisema, yaani binti wa Bungoma. "Unakaa kwa mlango kama mtu amekuja kuuza mayai. Ingia ndani."

Akaingia. Akapewa chai kwenye kikombe cha nyumba, na ilikuwa na maziwa mengi.

Kesho yake hakuna aliyetaja safari ya Bungoma. Mzee Zadock alikuja mapema, akala bakuli la mahindi ya kuchemsha barazani, akayasifu. Mama Dorca aliweka bakuli kubwa pembeni ya tangi. Mgeni aliyekuja na omena alizitia humo, akawatazama samaki kwa moyo mweupe, na omena zikaliwa jioni na wenye nyumba, kwa nyanya. Maji yakatakata. Samaki wakaacha kufa. Minyoo wakapungua wenyewe, kwa kuwa hapakuwa tena na matanga ya kuwalisha, na yule mkubwa alitoka mara chache tu, kwa kazi ndogo ndogo. Nasipwondi alisahau mahali alipoweka selotepu. Kuhusu kupanda, Mama Dorca alisema mwaka ujao atatangulia yeye, mwiko ni mwiko, na Nasipwondi akasema sawa, Mama, lakini usiende Migosi. Walicheka wote wawili.

Mambo ya kampuni aliyashika Mzee Zadock. Alipiga simu. Meneja alikuwa mtu wa sauti nzuri, akatoa pole upya, akasema kompresa haina shida yoyote, inafanya kazi hadi leo. Aliuliza kama huko kwao ziwani kuna kijana mwingine anayejua kuogelea vizuri. Mzee Zadock akapigia polisi wa huko Pwani. Ofisa alimsikiza hadi mwisho, akauliza kama shahidi anaweza kufika kituoni mwenyewe. Mzee Zadock alieleza kwamba huja jioni tu, na haendi mbali na tangi. Ofisa akasema basi itakuwa vigumu. Ikaishia hapo. Sydney akaelezwa. Alitikisa kichwa, na safari hii mamake alimwambia aache hiyo tabia.

Aliendelea kuja. Sasa aliongea, mara nyingi kuhusu samaki, na mara nyingine alimsikiliza Terry akimhesabia namba. Nasipwondi alikaa karibu naye kwenye kochi, taulo mapajani kwa ajili ya maji, naye alikuwa na furaha ya kutosha mtu mmoja.

Jioni moja mvua fupi zilipokuwa zimeanza, wanaume wawili waliingia. Sydney alitangulia. Nyuma yake alikuja kijana ambaye hakuna aliyemjua, mrefu, amevaa nguo zile zile, anadondosha maji yale yale, kidude mdomoni na mpira ukining'inia magotini. Alisimama kwenye zulia kwa aibu.

"Huyu ndiye alichukua nafasi yangu," alisema Sydney.

Mama Dorca akaleta kiti kingine cha plastiki. Nasipwondi akaleta ndoo ya pili. Mnyoo alikuwa tayari amefika kwenye ukingo wa kioo.

Ilichukua muda, kwa kuwa mpira wake ulikuwa umeziba zaidi. Moshi ulipotoka, kijana akasema anaitwa Wepukhulu, wa Kimilili huko Bungoma, na alisema kwa Kibukusu, lugha ya kwao Nasipwondi, ambayo hakuwa ameisikia sebuleni humo tangu aolewe. Alimuuliza namba ya simu ya mamake. Kijana aliikumbuka. Nasipwondi alitoka nje barazani, mahali alipokuwa akila peke yake, akapiga.

Aliyepokea alikuwa mwanamke mzee, sauti imekauka kwa kulia. Nasipwondi alimwamkia kwa lugha yao, akamweleza kijana wake yuko wapi, na kwamba ilikuwa hewa, hewa tu, ilikuwa na moshi. Mama yule alisema walimzika Jumamosi. Nasipwondi alisema anajua.

"Mama, ana mke?"

Huko Kimilili pia kulikuwa na mvua, aliisikia ikipiga mabati.

"Yuko," alisema mama hatimaye. "Yuko hapo nje."

"Mwambie aingie ndani."

Nasipwondi alibaki na simu sikioni. Hakuikata mpaka aliposikia mlango wa Kimilili ukifunguka.